Ghala la Kila Kitu

Vijana ninaoandika nao programu hapa Lindi wananiona mzee mkorofi. Juzi tulikuwa tunachagua lugha ya kompyuta kwa kazi mpya, na mmoja akaisifia yake: maktaba yake sanifu ni kubwa, yaani ukiiweka tu kwenye mashine inakuja na kila kitu kimeshaandikwa, tarehe, picha, barua pepe. "Mzee, humo hukosi kitu. Ya nini kuhangaika nje?"

Nikamwambia maneno hayo niliyasikia nikiwa bado navaa kaptula. Hakuelewa, na angeelewaje.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Kiranjeranje, mama yangu alikuwa na mbegu ya mtama aliyopewa na mama yake. Mtama ule ulikuwa unawahi kukomaa. Mvua ikikatika mapema, sisi tulikula. Aliyemwomba mbegu alimgawia. Yake aliitundika juu ya mafiga, masuke yamefungwa matita, moshi unayapitia kutwa, mdudu hasogei. Mwenyekiti akapita kaya kwa kaya: mbegu zote ziende ghala la kijiji, humo kutakuwa na kila kitu. Mama akamuuliza nani atawasha moto humo ndani. Mwenyekiti akacheka. "Akiba haiozi, mama," akamwambia, na mgambo wakayatungua matita.

Sina ugomvi na kugawana, nieleweke. Kinachonikera ni ghala linalopokea kila kitu, na mtunzaji ni mmoja, hajui hata jina la alichopokea. Maktaba hizo kubwa ndivyo zilivyo. Kitu kikishaingia hakitolewi, maana wapo wanaokitegemea. Aliyekiandika keshaondoka, kinakaa humo kinabunguliwa. Mie nataka maktaba ndogo, yenye chumvi na kiberiti, vile ambavyo hakuna nyumba isiyovihitaji. Vingine vibaki kwa wenyewe, kwenye moshi wao, na anayevitaka aende akaombe.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilifuatana na mama ghalani. Mtunza ghala akafungua gunia, mama akatia mkono, ukatoka na vumbi. Fukusi walishamaliza kazi. Yule bwana, bila hata haya, akampimia mahindi. "Mbegu ni mbegu tu, mama."

Mama akapanda mahindi, mvua ikakatika mapema, na mahindi yakakaukia shambani yakiwa bado hayajatoa mbelewele. Tulikula ming'oko tuliyochimba porini, na mpaka leo siwezi kuila bila hasira.

Mwaka uliofuata mama alizunguka kwa wote aliowahi kuwagawia, akiomba japo suke moja. Walimkaribisha vizuri, wakampa na maji ya kunywa. Kisha kila nyumba ikamjibu vile vile: mbegu yako, mama, tuliipeleka ghalani.