Matundu Manne Kwenye Marumaru za Baba

Mji wetu ulikua kwa miguu ya watu waliokuwa wakipita. Misafara ilifika Tabora kutoka pwani, ikapumzika, ikafunga tena mizigo kuelekea ziwani. Nilifundishwa hayo darasani na hayakunigusa, mpaka mwaka aliofariki baba. Ndipo yalipoanza kuniuma. Katika mji wa wasafiri, sisi wanawake watatu tulikuwa hatutoki nje ya nyumba moja ya mtaa wa Kanyenye.

Mama alikuwa anakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani, asionwe na mwanamume asiye wa damu yake. Shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu kuhakikisha. Mimi nilikuja kuzika nikiwa na begi dogo, nikidhani nitarudi Dar es Salaam baada ya arobaini. Arobaini ikapita, na wiki ileile mama akateleza bafuni.

Hakuvunjika, lakini nyonga ilivimba na goti likawa halimtii. Kuanzia siku hiyo nikawa namwogesha. Aliketi kwenye kigoda cha plastiki, akageukia ukutani na kufumba macho, nami nikimmwagia maji kwa kopo. Shangazi alisimama mlangoni na taulo, akisoma dua kwa sauti ili nasi tuitikie.

Siku moja mama akazungumza bila kufumbua macho.

"Kukaa ndani nimekubali, ni haki ya baba yako. Lakini humuhumu ndani sina hata pembe moja ya kuwa peke yangu. Nataka nifunge mlango, nioge mwenyewe. Basi."

Kilichohitajika ni chuma cha kushikilia. Nilimtuma mtoto wa jirani na vipimo kwa mchomeleaji, akakata bomba la urefu wa mkono na kulichomelea kibati kila mwisho, kila kibati kikiwa na matundu mawili ya skurubu. Kilichobaki ni kutoboa ukuta mara nne. Ila ukuta ule ulikuwa na marumaru za baba.

Alizileta kwa treni, boksi kwa boksi, miaka mingi kabla sijaondoka nyumbani. Zilikuwa nyeupe, zenye ua dogo la buluu katikati. Alizibandika kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu hakumwamini fundi yeyote, kisha akatoa amri: hakuna msumari. Kioo cha kunyolea kiliegemezwa dirishani, taulo zikaning'inia mlangoni, sabuni ikakaa chini. Mwaka mzima ule wa kwanza tulioga kama wageni. Alipofariki, ukuta ulikuwa bado haujaguswa, na mama aliteleza kwa sababu hapakuwa na kitu cha kushika.

Fundi alikuwepo, mtaa wa pili tu. Sheikh aliulizwa, akasema hakuna ubaya: mama akae chumbani, fundi aingie, afanye kazi, atoke.

"Sheikh hawajui majirani wa Kanyenye," shangazi akasema. "Mwanamume ataonekana akiingia. Nani atawaambia mama yako alikuwa chumba gani?"

Basi ikaamuliwa nitoboe mimi. Fundi angesimama uchochoroni, nyuma ya ukuta wa bafu, na kunielekeza kupitia matundu ya hewa yaliyo juu karibu na dari. Aliniletea getini drili ya betri, biti ya kutobolea kioo yenye ncha kama ya mkuki, biti nyingine ya kutobolea ukuta, na plastiki za kushikia skurubu. Kisha akazunguka nyuma.

"Shikamoo mama," tukamsikia.

"Marahaba," akajibu shangazi. "Sauti yako uiache hukohuko nje."

"Mama yangu, sauti haina miguu, nitaizuiaje?"

Akanifundisha. Kwanza nigonge marumaru kwa kifundo cha kidole nisikilize: zikilia kama debe, nyuma hakuna saruji, nisiguse hapo; zikinyamaza, panafaa. Nibandike utepe wa karatasi juu ya alama ili ncha isiteleze. Nianze polepole, drili ikiwa imeinama kidogo, mpaka nikwangue ule mng'ao wa juu, ndipo niinyooshe.

Niligonga kuanzia kiunoni hadi begani. Baba, ambaye hakumwamini fundi yeyote, alikuwa ameweka saruji katikati tu ya kila marumaru. Pembe zote zilikuwa tupu. Ningeweza kutoboa karibu na yale maua ya buluu, si penginepo.

Shangazi alipoona nimeshika drili akakumbuka jambo. Kama tunamsikia fundi, naye anatusikia. Na mama chumba cha pili alikuwa anakohoa. Akapanda kigoda, akaziba matundu ya hewa kwa kanga, akaikunja vizuri ikabana. Bafu likawa giza nusu. Nikabonyeza.

Drili ikaruka mikononi mwangu kama mnyama aliyekanyagwa. Kwa mbali, upande wa pili wa ile kanga, nilisikia mtu akipayuka, lakini maneno yalifika yakiwa pamba tupu. Nikadhani ananihimiza. Nikakandamiza. Marumaru zikatoa mlio mmoja mfupi, na ufa ukakimbia kutoka kwenye ua mpaka pembeni.

Shangazi akaichomoa kanga.

"Nyundo! Zima nyundo!" fundi alikuwa bado anapiga kelele. "Hiyo pete yenye alama ya nyundo ndiyo inayofanya drili igonge, izungushe irudi kwenye alama ya biti! Dada, husikii?"

"Tulikuziba," nikasema.

"Mlinizibia nini tena, na mimi ndiye sikio lenu?"

Nikaketi chini na drili mapajani. Nilimwaza baba, na ua lake lililopasuka. Nikawaza kwamba hata nikitoboa marumaru zote za nyumba ile sitatoka humo. Mama angeendelea kufumba macho, nami ningeendelea kumwaga maji, na begi langu lingeendelea kukaa chini ya kitanda, zipu ikiwa imefungwa.

Mama akaja. Alikuja akishikilia ukuta wa korido, hatua kwa hatua, mtandio kichwani. Akapitisha kidole juu ya ufa.

"Angenuna wiki nzima," akaninong'oneza. "Halafu angesema alijua saruji yake ni mbaya." Akacheka bila sauti, mkono mdomoni, kwa sababu ya yule mwanamume wa nyuma ya ukuta.

Tukahamia marumaru za jirani, tena karibu na ua. Sasa shida ikawa maji. Fundi alisema biti lazima ilowe muda wote, la sivyo itaungua na kuzichoma marumaru. Kama marumaru zingekuwa zimelazwa mezani, ungezungushia alama udongo ukajaza maji, lakini huu ni ukuta, maji yanaporomoka. Shangazi akajaribu kunimwagia kwa kopo, akanilowesha mimi.

Mama akaenda chumbani akarudi na donge la nta. Mjomba humletea asali kutoka misitu ya Sikonge, naye huhifadhi nta ya kupaka uzi wa cherehani. Aliipasha kwenye viganja, akaifinyanga, akaibandika ukutani chini ya alama: kikombe kidogo kilichokatwa nusu, kama kiota cha mbayuwayu. Akakijaza maji. Hayakuvuja.

"Mnafanya nini? Mbona kimya?" fundi akauliza.

"Tumebandika nta. Inashika maji."

"Nta ya nyuki? Nani kakufundisha?"

Nikamtazama mama. Akatikisa kichwa.

"Nimefikiri tu," nikasema.

"Dada, wewe acha hiyo kazi yako ya Dar, uje tufungue ofisi!"

"Atakuja kwa mahari," shangazi akajibu kupitia matundu, na mama akageuka haraka, mabega yakimtikisika.

Nikabonyeza tena, bila nyundo. Safari hii fundi alisikiliza.

"Ikinguruma kama nyuki, endelea. Ikilia kama jogoo anayechinjwa, toa upesi. Usiikandamize. Marumaru ni kama mgeni mwenye haya, ukimlazimisha kula anaondoka."

Ilinguruma. Maji kwenye kikombe cha nta yakageuka meupe kama uji. Mama alisimama nyuma yangu, mkono wake kiunoni pangu, sijui ananishika mimi au anajishika yeye. Mkono wangu ukafa ganzi, nikaubadilisha. Kisha kitu kikaachia, laini kabisa, na ncha ikazama kwenye ukuta.

"Umepita," fundi akasema kabla sijasema. "Weka biti ya ukuta. Sasa ndiyo washa nyundo."

Matundu manne yalituchukua mpaka adhuhuri. Mama alibandika nta upya kila mara, na shangazi, ambaye hakuombwa, akawa ndiye mwenye kuongeza maji kwa kijiko, polepole, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. La mwisho lilitoka safi kiasi kwamba nilichungulia ndani yake. Palikuwa na giza jekundu la tofali, basi.

Tukafunga chuma. Nikaning'inia juu yake kwa uzito wangu wote. Kikashika.

Mama hakusubiri jioni. Alichukua taulo mkononi mwa shangazi, akaingia, akafunga mlango. Komeo likalia, chuma kwa chuma. Sijui lini mara ya mwisho nilisikia sauti ile. Tangu aanguke lilikuwa limekatazwa.

"Akianguka je?" shangazi akanong'ona, mkono tayari umenyanyuka kubisha. Nikaushika.

Tukasimama wawili kwenye korido. Maji yakamwagika mara moja. Kimya. Tena. Kimya kirefu mno, nikasogeza sikio.

"Unasikiliza nini hapo mlangoni?" sauti ya mama ikatoka, ikiwa na mwangwi wa bafu. "Nenda zako. Karudishe vitu vya watu."

Eda ilikuwa bado na zaidi ya miezi miwili. Nikachukua drili, nikavaa viatu, nikatoka getini. Jua lilikuwa la utosini, barabara nyekundu na tupu. Fundi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha uchochoro akinisubiri. Nikampita nusu hatua, miguu ikitaka tu kuendelea, kabla sijakumbuka kwamba ni yeye niliyekuwa nikimwendea.