Siku Niliyojiita Mswahili kwa Masista

Mama yangu alichagua nyumba kwa masikio. Wenzake huangalia paa, huuliza maji yanachotwa wapi. Yeye alisimama uani, akainua kidole tunyamaze, akangoja kengele ya kanisa. Isiposikika vizuri alikaza kitenge chake kiunoni na kusema, "Bon. Hapa Mungu iko mbali. Twende."

Na kengele ililia mara tatu tu kwa siku: asubuhi, saa sita na jioni. Kwa hiyo hata tungekimbia vipi, tusingeweza kukagua nyumba zaidi ya tatu kwa siku. Baba alitaka kulia. Tulikuwa tumekuja Gisenyi kutoka Bukavu kwa boti, kwa sababu mama yake baba alikuwa Nyakiriba, jirani na mji huo, amezeeka, na baba hakutaka tena kupata habari zake kwa barua. Tulifikia kwa binamu yake, watu tisa chumba kimoja, na yule binamu alikwisha anza kutusalimu kwa mkato.

Baba alikuwa fundi wa kushona. Alitaka mtaa wa Waislamu karibu na soko, maana ndiko kwenye maduka ya vitambaa na ndiko wateja wanakopita. Mama alitaka chini ya kanisa kabisa. Walibishana barabara nzima.

"We unataka kulala sakristia?" baba alimwambia.

"Na we unataka kulala dukani?"

Mimi, mwenye miaka tisa, sikujali soko wala sakristia. Nilitaka shule ya masista. Niliiona siku ya kwanza tulipopita: wasichana wamepanga mstari wanaimba, kila mmoja ana kibao chake cha kuandikia kwapani. Bukavu nilikuwa nasoma kwa zamu na kaka yangu kwenye kibao kimoja, na kaka yangu hakuwa mtu wa kupisha. Nikasema moyoni: hapa nitaingia, hata kama tutalala juu ya mti.

Siku ya tatu, saa sita, tulikuwa nyuma ya nyumba moja katikati kabisa ya mtaa wa Waislamu. Kengele ikalia. Ilikuja safi, mpaka pigo la mwisho. Mama akapiga ishara ya msalaba palepale, akasali, akamaliza, akageuka kwa baba. "Hapa," alisema. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kila mtu alikuwa amepata alichotaka, isipokuwa mimi bado.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, mama wa Kiislamu aliyepika sambusa za kuuza. Wazee wake walitoka Ujiji na biashara zao, na Kiswahili chake kilinyooka hata tukaona haya kufungua mdomo. Sharti lake lilikuwa moja tu. "Nguruwe asiingie uani kwangu. Si mzima, si kipande." Baba akasema sawa. Mama alinyamaza kidogo, anaifikiria Krismasi, kisha naye akasema sawa.

Tulihamia siku ya Alhamisi. Ijumaa yule mama alitutumia sahani ya sambusa za nyama, moto moto, zinanukia hadi barabarani. Mama akazirudisha kwa adabu, maana Ijumaa Mkatoliki hali nyama. Mimi nilizisindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Sijawahi kuchukia Ijumaa kama ile.

Jumatatu tukaenda shuleni kuandikishwa. Tulikuwa tumeambiwa kitabu cha majina kinafungwa Jumatano. Karata yangu ya ubatizo, cheti cha Ukatoliki wangu, ilikuwa bado haijafika: mama aliificha salama chini kabisa ya sanduku, na sanduku lilikosa nafasi kwenye boti, likabaki Bukavu pamoja na mashine ya baba mpaka boti la Jumamosi inayofuata. "Haizuru," mama alisema. "Tutaongea. Mdomo tunao." Akajitanda kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, kwa heshima ya masista, kama alivyofanya akiingia kanisani.

Sista mkuu, Mamere kama walivyomwita wote, alikuwa Mbelgiji mrefu. Alijaribu Kinyarwanda na mama. Mama, mtu wa Bukavu, hakujua. Akanijaribu mimi. Nilijua salamu, basi. Akamtazama mama na kitenge chake, akauliza tunakaa wapi. Mama akaeleza mtaa. Ndipo Mamere akaniinamia, akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Wewe Mswahili?"

Jamani, nilifurahi! Hatimaye swali ninaloliweza. "Ndiyo, Mamere! Mi Mswahili kabisa. Na mama, na baba, na kaka. Kwetu wote iko Waswahili."

"Wote," mama akatilia mkazo, anatabasamu.

Mamere akafunga kitabu. Akasema kwa upole kwamba shule hii ni ya watoto Wakatoliki, na mtaani kwetu, karibu na msikiti, kulikuwa na mwalimu mzuri wa Kurani. Mama hakuelewa. Alidhani Mamere anatuonyesha njia ya kurudi nyumbani, akamshukuru sana. Tulipofika barabarani ndipo mwalimu mmoja wa kike akatukimbilia na kutueleza. Kumbe kwetu Bukavu Mswahili ni mtu anayesema Kiswahili, lakini Gisenyi, kila mtu alijua isipokuwa sisi, Mswahili ni Mwislamu. Mama akataka kurudi palepale, lakini ofisi ilikwisha fungwa. Mamere angeniuliza jina tu! Nina jina la mtakatifu refu kama litania, lingemjibu lenyewe.

Nililia njia nzima, kwa sauti, bila aibu. Mwenye nyumba alikuwa uani na karai lake la mafuta.

"Nani kafa?"

"Mamere amesema mi Mswahili."

"Wewe? Kamwambia nani?"

"Mi mwenyewe."

Aliweka kijiko chini. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Halafu akaniangalia vizuri. Labda aliona kibao nilichokitamani kinakwenda zake. "Kesho," alimwambia mama, "tutakwenda wote. Mtoto asikose shule kwa neno moja."

Jumanne asubuhi alivaa kanga mpya na viatu vya Idi. Alipita kwenye lango la masista kama mtu anayekwenda kudai haki yake, mama na mimi nyuma. Mamere alipomwona, uso ulisema: sasa wameleta na mwingine.

"Mamere," mwenye nyumba alianza, "mimi ni Mwislamu, na baba yangu, na babu yangu. Kama hawa wangekuwa wetu, ningewajua kabla hawajatua mizigo. Nilipomwambia mama huyu nguruwe haingii uani kwangu, alinyamaza! Mwislamu gani hunyamaza hapo? Ijumaa nikampa sambusa za nyama, akazirudisha. Ijumaa, Mamere! Kengele yenu ikilia anasimama uani kwangu anaongea na mbingu. Na huyu mtoto," akanivuta mbele kwa bega, "eti Mswahili. Hebu msikie. Sema, 'Mtu mzuri.'"

"Mutu muzuri," nikasema.

"Wallahi, huyo ni Mswahili huyo? Kiswahili chenyewe amekivunja miguu!"

Mamere aliuma midomo, lakini wapi. Kicheko kilimponyoka, mabega yakamtikisika, na yule mwalimu wa jana, aliyekuwa mlangoni, akageukia ukutani. Mamere akaniambia nisali. Nilisali Baba Yetu na Salamu Maria bila kuvuta pumzi, nikaanza Nasadiki, akaniomba niishie hapo. Kitabu kikafunguliwa. Karata ya ubatizo nitaileta boti likifika, alisema. Kisha akanipa kibao mkononi, kipya, bado kina vumbi la dukani.

Mwenye nyumba hakuondoka. "Na siku moja nikikuletea Mswahili wa kweli, Mamere, utampa kibao?"

Mamere aliangalia kitabu chake. "Sijui," alisema.

"Haya. Nimeuliza tu." Akaniambia nisikichezee kibao njiani, kitavunjika.

Tulikuwa katikati ya barabara kengele ya saa sita ilipolia. Mwenye nyumba akampokea mama kikapu. "Yenu hiyo. Salini, nawangojea." Akasimama pembeni anafukuza mbuzi kwa mkono, taratibu, asitusumbue. Tangu siku hiyo, adhana ikitoka msikitini, mama aliinuka mwenyewe na kwenda kushika kijiko. "Yenu hiyo, mama. Nenda, mi nitaangalia mafuta." Na sambusa za Ijumaa zikawa za viazi vya kutoka Mudende.

Ila kengele ya saa sita na adhana ya adhuhuri zilikuwa zinakaribiana. Jumamosi moja zilikutana. Mama akasimama kusali, mwenye nyumba akakimbilia mswala, na kijiko nikaachiwa mimi, mimi na kibao changu magotini. Nilikuwa naandika sentensi nzima kwa mara ya kwanza, bila kunakili kwa mtu. Harufu ya kuungua waliisikia wao kwanza.

"Ya Rabi!" mwenye nyumba alipiga kelele toka mlangoni. "Na huyu ndiye niliyemtolea ushahidi!"

Akaninyang'anya kibao, ameghadhibika kweli. Akakitazama. Kusoma hakujua. "Umeandika nini hapa?"

Nikamsomea: "Mama mwenye nyumba ni mtu mzuri."

"Mtu," akasema polepole. "Mzuri." Akanirudishia kibao kwa mikono miwili, akakaa nasi, tukazila zile sambusa hivyo hivyo, nyeusi.