Ndege Niliyoinyoa

Krik. Krik. Krik-krik. Krik.

Ukucha wa dole gumba la babu ulikuwa mgumu na wa njano kama punje ya mahindi, na ulipopita juu ya ile ndege ya plastiki ulilia hivyo, kama mtu anayepitisha kidole kwenye meno ya chanuo. Mimi nilikuwa ndani nikipaka watu rangi za kucha, yeye barazani kwenye benchi, ndege ameipakata kama mtoto wa mbuzi. Krik, krik, asubuhi nzima. Wateja wapya walidhani tuna panya. Wa zamani walijua kwamba babu anasoma.

Babu huyu si wa kunizaa. Ni baba wa dada mwenye saluni ninakofanya kazi, hapa Singida mjini, na saluni yenyewe iko chumba cha mbele cha nyumba yake. Zamani alikuwa fundi wa malori. Siku moja, njia ya kwenda Rungwa, alimkuta mgeni mmoja gari limemfia porini, akalifufua kwa waya na matusi. Mgeni akamuuliza, nikupe nini mzee? Babu, ambaye maisha yake yote amependa injini kuliko watu, akajibu kwamba yeye anapenda ndege. Miezi ikapita, likaja boksi. Ndani mna ndege ya mabomu ya vita vya zamani, injini nne, iko vipande vipande kama kuku wa supu, na mabawa yake yakipangwa yanajaza meza ya kucha ukingo hadi ukingo. Babu akaunganisha kiwiliwili. Alipotaka kuanza mabawa, presha ya macho ikaja kumchukulia mwanga. Jicho la kulia likatangulia, la kushoto likafuata kwa adabu.

Akabaki na kidole. Bahati yake, ndege ile ilikuwa na mistari midogo iliyoinuka kila mahali ambapo bati moja linakutana na jingine, na ribiti, vile vichwa vya misumari ya kushikia bati, ndogo ndogo kama vipele vya joto. Ramani yake alikuwa ameishika kichwani tangu bado anaona. Kwa hiyo ukimletea chai anakutembeza.

"Hapa ni mlango wa mabomu. Hapa anakaa mpiga mzinga wa mkiani. Maskini, peke yake, baridi, na wenzake wote wamempa mgongo. Kama mimi hapa barazani."

"Babu, wewe unaletewa chai."

"Chai ya binti yangu? Heri ile baridi."

"Nakusikia, baba!" dada anapiga kelele kutoka ndani, mikono imejaa nywele za mtu.

"Nilitaka usikie."

Siku moja aliniita nikiwa napita na ndoo. Nikaweka ndoo chini, nikasema shikamoo ingawa asubuhi nilishasema, maana sauti yake ilikuwa ya kuamkiwa shikamoo.

"Marahaba. Wewe una mikono ya vitu vidogo. Nimalizie ndege yangu. Nataka niitembee yote kwa kidole, kutoka puani mpaka ncha ya bawa. Nimefika mabegani tu, ndio mwisho wa dunia yangu. Malaika wa kaburini wakiniuliza nimeacha nini, nisije nikajibu nimeacha ndege haina mabawa."

Nikakubali kabla hajamaliza. Lazima niseme kwamba mimi nilizaliwa Kinampanda, huko Iramba, nikamaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama aliyakunja akayaficha chini ya godoro. Nilikuwa nimepanga kuwa rubani. Fizikia ilikuwa haijaarifiwa. Ndege nimeziona kwa chini tu, matumbo yao, na hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kunikalia mkononi.

Nikaingia mtandaoni kujifunza. Kumbe dunia ina wanaume wazima, wenye vitambi na miwani, wanaounda ndege za plastiki na kuzungumza juu yake kwa sauti ya msibani. Kwa Kiingereza changu cha kuombea maji nikaelewa hivi: mistari iliyoinuka ni aibu, ni ushamba wa zamani. Ndege ya kweli mistari yake imezama. Kwa hiyo unapiga msasa yote mpaka ngozi iwe laini, halafu unachimba mistari mipya kwa ncha kali, myembamba kama unywele. Mmoja wao alionyesha vifaa vyake na mimi nikaruka kwenye kiti. Tupa za kucha! Vile vile vijiti vya msasa, wa kukwaruza na laini, ambavyo mimi ninavyo droo nzima. Jamani, nilikuwa mtaalamu wa ndege miaka miwili bila kujua.

Wiki hiyo hiyo babu akaenda Ulemo kwa mdogo wake wa kike, akae huko siku kumi. Nikasema nitamshangaza.

Nikainyoa. Kila wateja walipopungua nilikuwa nasugua, tupa ya kukwaruza, tupa laini, mpaka vumbi jeupe likatanda kama unga wa uwele, na upepo wa Singida, ambao haujawahi kukaribishwa mahali ukakataa, ukaingia na kulisambaza kwenye nywele za wateja. Mama mmoja mcha Mungu, mguu wake ukiwa kwenye beseni, akaniuliza hiyo ndege inaenda kumpiga nani.

"Itaanza na mawifi."

"Basi nichukulie namba ya wangu," akasema.

Nilipomaliza kusugua nikafanya kile ambacho kila msichana wa kucha hukifanya baada ya kusugua, mkono wenyewe unakwenda bila kuuliza. Nikachovya pamba kwenye asetoni nikaifuta ndege vumbi.

Kucha ikifutwa kwa asetoni inakauka. Plastiki ya ndege haiko hivyo. Mkia ukawa laini kama uji ulioanza kushika, na dole gumba langu likaacha shimo pale pale anapokaa yule mpiga mzinga wa baridi. Nikapiga yowe. Dada akaja mbio na kibanio cha nywele mkononi, akatazama, akasema, "Umeiua." Nikamwambia haijafa, imezimia. Nikajaza lile shimo kwa unga wa kucha bandia na gundi yake, likagandamana, nikalisugua. Mpaka leo ile ndege ina kiraka cha kucha makalioni na inajivunia.

Babu akarudi kutoka Ulemo na kuku wawili na maneno ya njiani. Hata kofia hakuvua. Akakaa kwenye benchi, akanyoosha mikono, nikamwekea kiwiliwili mapajani huku nimeshaanza kutabasamu. Kidole gumba kikaanza puani kama kawaida yake, kikaenda.

Kimya.

Kikarudi nyuma. Kikaenda tena, polepole. Nilikuwa sijawahi kuusikia upepo wa nje vizuri kama siku hiyo.

"Mistari yangu iko wapi?"

Ndipo kichwa changu kikafika mahali ambapo mikono yangu ilishapita siku kumi nyuma. Nikajaribu kumweleza habari za wazungu na miwani yao, ushamba, mistari iliyozama. Ikatoka kama kigugumizi.

"Umeninyolea ndege," akasema. Wala hakukasirika, na ndicho kilichoniuma, afadhali angenirushia fimbo. "Nyie watu wa Iramba mkipewa kitu mlainishe, mnalainisha mpaka mfupa."

"Nitairudisha babu. Nitachimba mipya. Yote, na ya mabawa."

"Mabawa nayo umeyanyoa?"

"Nayo."

"Basi hata mabawa hayana la kuniambia," akasema, akanipa ndege, akaomba chai. Siku zilizofuata alikaa barazani na mikono mitupu, anaipandisha na kuishusha magotini kama mtu aliyepotelewa na tasbihi. Dada akaacha kumjibu utani wake. Hapo nikajua mambo ni mabaya.

Nikachimba. Sindano ya cherehani nikaichomeka kwenye ganda la kalamu, ikawa jembe langu. Kwa ajili ya kunyoosha mstari nilibandika ule mkanda mgumu wa plastiki unaofungia maboksi, kwa sababu unapinda na mwili wa ndege na hauogopi sindano. Karatasi ya ramani ilikuwepo bado, imeliwa kidogo na mende upande wa injini ya tatu, kwa hiyo injini ya tatu nilimwachia Mungu. Unavuta sindano kwa upole, mara ya kwanza kama unamkuna mtoto, mara ya pili, mara ya tatu, plastiki inatoka uzi mwembamba unaojikunja. Ukiwa na haraka sindano inaruka mkanda na kukimbilia inakotaka. Iliniruka mara nyingi. Kila iliporuka, unga wa kucha, gundi, tupa, anza upya. Mteja akiwa na vidole chini ya taa ya kukaushia rangi ya jeli, namalizia bati moja. Mwingine alilalamika kwamba ndege inahudumiwa kuliko yeye, nikamwambia ndege hainung'uniki.

Kabla ya mwezi kuisha niliunganisha mabawa. Jamani, lilikuwa dude! Limetanda mezani, mistari yake myembamba kama unywele, imenyooka, imezama. Nikaipiga picha kutoka kila upande. Hata wale wenye vitambi wangevua miwani.

Tukaibeba mimi na dada, mmoja huku mmoja kule, kama jeneza la mtu aliyependwa, tukamlazia babu ndege yake magotini, bawa moja likatokeza mpaka kwenye mlango.

"Shika babu. Nzima."

Akashika. Dole gumba likaanza puani, na mimi nikaegemea ukuta nisikilize.

"Naam," akasema. "Hapa anakaa rubani. Hapa mlango wa mabomu. Ee, umefanya kazi. Hapa sasa tunapanda bawa, injini ya kwanza, hapa tangi la mafuta, hapa ya pili. Nzuri sana, mjukuu wangu. Imerudi yote."

Dada alipiga makofi. Mimi nilisema asante babu, nikaingia ndani kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kwa sababu sikusikia kitu. Krik hata moja. Na aliposema mlango wa mabomu, kidole chake kilikuwa kimeshaupita, kiko karibu na mkia, juu ya kiraka. Alikuwa anasoma kwa kichwa, kama mtoto wa darasa la pili aliyeshika kitabu juu chini. Mzee asiyemsamehe mwanawe chai ya vuguvugu alikuwa ananidanganya ili nisilie, na mimi nikamjibu asante. Tulidanganyana vizuri, kwa heshima zote.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikaa nayo moyoni mpaka kesho yake.

Ijumaa mchana dada hufunga saluni, yeye na babu wanakwenda msikitini, babu kamshika bega, wanabishana njia nzima. Mimi Mlutheri ninabaki kulinda majiko na vioo. Nikafunga mlango kwa ndani. Nikaiweka ndege mezani na kuitazama, ikanitazama na uzuri wake wote. Nikafumba macho nikapitisha dole gumba langu juu ya bawa, na sikuhisi mstari wala ribiti wala plastiki yenyewe.

Kucha zangu, nimesahau kuzitaja, ndizo zilikuwa bango la saluni. Ndefu, za jeli, kila moja nimeichora alizeti ya njano, na dada alishasema kwamba siku nitakayozivua bila ruhusa nianze kutafuta kazi ya kuuza maji stendi. Babu aliwahi kuzigusa akasema, "Vidole vyako vimevaa helmeti." Nilicheka. Mwezi mzima nilichimba nikiwa nimevaa helmeti, nikipima kwa macho kazi ya mtu asiye na macho.

Nikamimina asetoni kwenye kikombe, mbali na ndege, nimeshapata somo. Nikachovya dole gumba la kulia na kusubiri. Alizeti ikavimba, ikalegea, ikatoka nzima kama ganda la karanga. Chini yake palikuwa na ukucha wangu wenyewe, mfupi, mweupe, wa kizembe. Nilikuwa sijauona tangu mwaka jana.

Nikabandika mkanda kwenye ukingo wa mlango wa mabomu. Nikafumba macho na kuvuta sindano. Nikajaribu kwa ukucha: kimya. Nikavuta tena. Kimya. Mara ya saba nilibonyeza mpaka mstari ule mwembamba ukawa mtaro, mbaya, mnene, ambao hakuna mwenye kitambi angeuonyesha kwa wenzake. Nikapuliza vumbi. Nikaweka dole gumba puani mwa ndege, macho yamefumbwa bado, nikalitembeza kwenda nyuma polepole kama yeye, bati baada ya bati lisilosema neno, mpaka mlangoni.

Krik.

Haikuwa ile ya zamani ya kujikwaa. Hii ilikuwa ya kutumbukia. Nikarudi puani nikaanza tena.