Kadi ya Mjomba na Mkaja wa Mama

Mjomba wangu alikuwa akifuga ukucha wa dole gumba la mkono wa kulia, mrefu, wa manjano, na kwa ukucha huo ndio alibonyezea. Akishakula wali wa nazi kwa mkono huo huo, haoshi. Anaufuta kwenye kikoi, kisha anaishika padi ya mchezo wa televisheni, na vifungo vyote vinateleza kwa mafuta. Mpaka leo nikimwona mtu ameshika padi, hata ikiwa mpya, imetoka kwenye boksi sasa hivi, nasikia harufu ya tui lililochacha. Watoto wangu wananicheka. Nawaambia chekeni, nyinyi hamkuyaona.

Tulikaa Ukunda, mimi na mama, pamoja na huyo mjomba, ndugu yake mdogo mama. Baba yangu alikwisha kufariki. Nyumba waliachiwa wote wawili na babu, lakini ungemsikia mjomba akisema "nyumba yangu" ungedhani mama ni mpangaji, tena mpangaji asiyelipa. Mama ndiye aliyemlea akiwa mdogo, na alipokuwa mtu mzima mwenye mvi za kidevuni aliendelea kumlea: chai, maji ya kuoga, kikoi kilichofuliwa. Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Diani, kukunja mashuka ya wageni kutwa nzima, kisha narudi nyumbani kukuta mama amekunja ya mjomba.

Yeye naye alikuwa mtu wa hoteli zamani, mhudumu wa baa. Wageni walipopungua akaachishwa kazi pamoja na wenziwe wengi. Wenziwe walihangaika: huyu akaenda Mackinnon Road kupakia malori, yule akafungua kibanda cha viazi karai. Mjomba alikwenda kwa kijana mmoja wa bara aliyefungua chumba cha michezo ya televisheni karibu na stendi, akaketi kwenye benchi, na hapo ndipo alipomalizia ujana wake wa pili. Mchezo wenyewe ulikuwa mpira. Alichagua timu, akaicheza ligi nzima, mechi moja moja, na akawa anaongoza. Akirudi nyumbani anatusimulia magoli, mimi na mama, mpaka wachezaji wake tukawajua kwa majina.

Siku moja vijana wakamfutia ligi yake, ikapotea yote. Kumbe mashine ile haina akili ya kuweka mambo. Ukitaka kesho uanzie ulipoishia leo, unachomeka kijikadi kidogo, ukubwa wa kiberiti, ndicho kinachoweka; wenyewe wanaita kusevu. Kadi ilikuwa ya mwenye chumba na ilikwisha kujaa, basi wakaifuta ligi ya mjomba wakaweka ya kwao. Yule kijana wa bara akamwambia, "Mzae, bila memori kadi yako mwenyewe hapa unajisumbua tu." Mjomba akarudi nyumbani akakataa chakula. Akalia. Mwanamume mzima, wallahi, analia kwa kwikwi juu ya mkeka, makamasi yanamtoka, na mama anampapasa mgongo na kumwambia, "Pole, mdogo wangu, utashinda tena." Nilitoka nje nikatema mate.

Ndipo ikaja posa yangu. Mchumba alikuwa mtu wa Shimoni, karani wa barafu pale wanaposhushia samaki. Mpole, mwenye meno mazuri. Sikumjua zaidi ya hapo, lakini nilimtaka, nisiseme uongo, na nilitaka zaidi kutoka katika nyumba ile.

Kwetu mtoto wa kike akiolewa, mjomba hupewa kilemba. Zamani kilikuwa kilemba kweli cha kuzungusha kichwani. Siku zetu huletwa kitu chochote cha heshima, kikaitwa kilemba. Na mama hupewa mkaja. Mkaja ni kile kitambaa anachojifunga mzazi tumboni akishajifungua, tumbo lipate kurudi. Mama wa bibi harusi huletewa siku ya harusi, kwa maana ya kwamba tumeona, ulibeba wewe. Mama aliponizaa hakupata mkaja wa maana. Alifungwa leso kuukuu ya jirani, ikachanika. Kwa hiyo posa ilipofika, sikumsikia mama akitamani nyumba wala dhahabu. Alitamani mkaja wake, mpya, utoke dukani, uletwe mbele za watu. Alikuwa akisema hivyo akipepeta mchele, anacheka peke yake. Nami nikajiapiza kwamba hilo mama atalipata.

Mjomba akasema yeye kilemba chake anataka mashine ya mchezo.

Ati mashine! Nilidhani anatania. Wapi. Alikuwa amekwisha kufanya upelelezi wake, na jioni zote akatuketisha kutufundisha. Kuna ile rahisi, ya kaseti, wanayouza mpaka vibandani: hiyo haifai, ukizima tu kila kitu kinakwenda na maji. Kuna nyingine ya kaseti pia, ya maana kidogo, ambayo ndani ya kaseti mna betri ya kuwekea ulipofika. Lakini hizo kaseti Mombasa hazionekani, na betri ikifa ndiyo basi, huna kaseti huna ligi. Kisha kuna ya CD, ndiyo bora, CD zenyewe wanachoma mjini kama chapati, ila hiyo yenyewe haiweki kitu mpaka uwe na kadi. Na kadi nayo ina yake. Ndani ina vyumba kumi na vitano, na ligi ya mpira inakula karibu vyote. Halafu kuna kadi halisi na kadi feki, na feki inasahau. "Nataka halisi," alisema, na akaulamba ule ukucha. Mama akitikisa kichwa kwa adabu, "Ehe, ehe," na mimi nikajiuliza mtu huyu tangu lini amewahi kufikiri jambo kwa urefu hivi. Kazi hakuitafutia hata nusu ya bidii hiyo.

Siku ya kikao wanaume waliketi sebuleni, nasi wanawake nyuma ya pazia. Upande wetu alikuwepo ami yangu, ndugu ya marehemu baba, amekuja kutoka Tiwi. Yeye ndiye walii, ndiye wa kuniozesha. Mtu mwema ami, lakini hapendi ugomvi. Alikwisha kutangaza kwamba haozeshi mpaka mjomba aridhike. Upande wa pili alikuwepo mchumba na msemaji wao, mzee mwenye koo la kukwaruza.

Mashine walikubali haraka. Tatizo likawa kadi.

"Kilemba ni mashine," alisema msemaji wao. "Hiyo kadi ni ya nini tena?"

"Ya kuwekea," mjomba akajibu.

"Kuwekea nini?"

"Nilichoshinda."

"Kwani hakuna kabati humu ndani?"

Nyuma ya pazia shangazi mmoja aliangua kicheko akajiziba mdomo. Mimi sikucheka. Watu wazima, wenye kofia vichwani, waliosoma Fatiha kabla ya kuketi, wakazungumza kadi mpaka chai ikapoa. Kadi imo ndani ya mashine au ni kitu mbali? Mashine bila kadi ni kilemba kizima au nusu? Mchumba wangu naye akachangia, kwa sauti yake ya upole, kwamba anamjua muuzaji mwenye kadi feki nzuri. Mjomba akaruka. "Feki? Mimi uniletee feki? Mimi nikupe mtoto halisi, wewe uniletee kadi feki?" Nilikuwa nimewekwa mizani na kijikadi, na mizani ilikuwa sawasawa.

Hatimaye msemaji akasema wao wamefika mwisho wa uwezo. Kadi halisi ikitakiwa, basi itoke katika kitu kingine.

"Itoke kwenye mkaja," alisema mjomba.

Akageukia pazia. "Dada, unasemaje?"

Nilimshika mama mkono, nikamwambia kwa macho, kataa. Mama akaitazama miguu yake.

"Sawa," akasema. "Mkaja ni kitambaa tu."

Wote wakasema alhamdulillahi. Mchumba naye akasema, nilimsikia vizuri. Kefule!

Walikwenda Mombasa kununua, wao wawili, mjomba na mchumba wangu, wakarudi na kivuko cha mwisho wamebeba boksi katikati yao wakicheka mithili ya watu waliofanyiwa tohara pamoja. Ikawekwa kwenye televisheni ya marehemu baba, chumbani kwa mjomba. Na kutoka siku hiyo mchumba akaanza kuja. Mimi sikuruhusiwa kuonana naye kabla ya nikaha, na wala hakuuliza kuniona. Anafika, "Shikamoo mama," anapitiliza chumbani. Nyumba ikanuka soksi na maganda ya njugu. Mende, wanaopenda joto, wakahamia ndani ya mashine. Mjomba akiigonga ubavuni wanatoka watatu wanne, wanampita mkononi, naye haondoi macho kwenye kioo. Nilimwona kwa macho yangu akimpuliza mende kama unavyopuliza vumbi. Kisha akachukua sambusa kwenye sahani.

"Mama," nilimwambia, "mimi simtaki tena huyu mtu."

"Nyamaza, mwanangu. Wanaume wote wana lao. Ukishaolewa ataacha."

"Na mkaja wako?"

"Sitaki mkaja. Nataka utoke humu."

Kwa ajili yake nikapakwa hina, nikasingwa, nikafukizwa udi. Mtandio wa kichwani nilijinunulia mwenyewe kwa mshahara wangu wa dobi, mweupe, mrefu, wa kitambaa kizito. Nikaketishwa kitandani, nyumba imejaa, wanaume barazani wanangoja, biriani imeiva. Baada ya Adhuhuri ami akaingia na mashahidi wawili akasimama mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "umeniidhini nikuozeshe kwa fulani bin fulani?"

Kwetu mwari haitikii. Akinyamaza ndiyo ameridhika, akilia ndiyo ameridhika zaidi. Shangazi zangu walikwisha kuvuta pumzi wapige vigelegele.

"Ami," nikasema, "mkaja wa mama uko wapi?"

"Ebo!" akasema shangazi mmoja. Mwingine akanifinya paja.

"Hilo lilikwisha kuzungumzwa," ami alisema taratibu.

"Lilizungumzwa na nani? Aliyebeba ni yeye. Mkaja uletwe hapa, mbele za watu, afungwe, ndipo uniulize."

Ami akatoka. Alikaa huko kitambo, akarudi jasho linamtiririka. Msemaji wao alisema mkaja utaletwa baada ya harusi, inshallah, nisiwaaibishe wageni.

"Bwana harusi mwenyewe amesemaje?"

Ami akaangalia chini. "Yeye hakuwepo barazani. Yuko chumbani kwa mjomba wako."

Sikumbuki nani alijaribu kunizuia. Nilitoka na hina yangu na udi wangu, nikakata ukumbi, nikasukuma mlango. Walikuwa wameketi mkekani bega kwa bega. Bwana harusi ana kanzu, joho na kofia mpya, joho amelikunja lisichafuke, padi mikononi. Mjomba anamwelekeza kwa ule ukucha. Kwenye kioo watu wanashangilia goli.

Ami alikuwa nyuma yangu. Kwa upole wake wote akasema, "Baba, bibi harusi anauliza habari ya mkaja wa mama yake. Anangoja jibu lako."

Mchumba wangu hakugeuka.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Tusevu kwanza."

"Asiguse mtu!" mjomba akapiga ukelele. "Ikizimwa sasa kadi inaharibika!"

Sikugusa. Nasikia watu wengine wakisimulia kisa hiki wanasema niliivunja mashine, niliitupa dirishani. Uongo. Sikutaka hata kuikanyaga, ilivyokuwa imejaa mende. Niligeuka nikamwambia ami, kwa sauti ya kufika barazani, "Ami, sikuidhini. Uliniuliza, nami nimekujibu. Sikuidhini."

Nikarudi chumbani kwa wanawake. Basi tena. Mama yake bwana harusi akapiga yowe, msemaji wao akaanza kukohoa, sinia zikaachwa. Bwana harusi alikuja mbio mpaka mlangoni kwetu, ananiita kwa jina langu kwa mara ya kwanza. Lakini alikuja akiwa amekwisha kusevu, na kila mmoja pale alilijua hilo. Ami akamrudisha kwa kiganja cha mkono kifuani, akasema kwa ukali ambao sikupata kuusikia kwake, "Nenda, bwana." Kisha akatuambia tufunge vitu vyetu, mimi na mama, tunakwenda naye Tiwi.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Niliogopa kumtazama. Nilijua nimemwaibisha mbele ya Ukunda nzima, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akisema sawa. Nikamngoja anilaani. Alisimama polepole, akainua mikono yake miwili ikakaa mbali na mbavu, akabaki hivyo, ananitazama.

Nikauvua ule mtandio kichwani. Nikauzungusha tumboni mwake, mara moja, mara ya pili, mbele ya shangazi zangu na wanawake wa Shimoni, vidole vyangu vina hina bado. Nikaanza kufunga fundo.

"Kaza," akasema mama.

Nikakaza.

"Kaza zaidi, mwanangu. Ulikuwa mtoto mzito wewe."