Yule Mzee Aliyeshikishwa Nyuzi

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kabati la vioo nyumbani kwetu Unguja, na ndani yake mna seti ya vikombe ambavyo hakuna aliyepata kuvinywea, vilikuwa vya kutazamwa tu, na kila kikombe kimechorwa Mzungu mwanamme mwenye suruali fupi na soksi nyeupe, kapiga goti mbele ya bibi ambaye nguo yake imefura kama chandarua kilichoingiwa na upepo. Nikamuuliza, "Mama, hawa nani?" Akasema, "Mtu na dada yake. Anamfunga kiatu." Basi, nikakua na jawabu hilo, nikaoa nalo, mpaka siku moja tukaviona vikombe kama vile dukani Hamriya, huku Maskati, nikamweleza mke wangu kwa sauti kubwa kwamba yule anamfunga dada yake kiatu, mke wangu akacheka mpaka akashika meza, na mwenye duka akacheka pia, naye hata Kiswahili hakijui.

Vikombe vya mama vilibaki kule tulipoondoka, sijui nani anavitazama sasa. Lakini tokea siku ile ya Hamriya nilijiapia kwamba picha za namna hiyo nitazijua, nisichekwe tena, na kwa kiapo hicho ndiyo nikaja kupata aibu ambayo hata kuiandika nnaona haya. Watu wa mtaani kwangu Wadi Kabir wanaijua nusu, na nusu hiyo wameitia chumvi, kwa hiyo bora niitoe mwenyewe.

Mie nnakaa Wadi Kabir, chumba cha juu ya gereji, asubuhi naamshwa na nyundo za bati. Mke wangu amekufa, wanangu wako mbali na wananipigia simu Ijumaa, na siku nyengine zote sizungumzi na mtu mpaka fundi wa chini apande kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa nnaogopa jambo moja tu, kufa mle chumbani na watu wakaja kujua kwa harufu. (Mtaniwia radhi, lakini ndiyo khofu yenyewe.) Basi nilikuwa nataka kuoa, na niliyemtaka ni Bi Zuwena wa Qurum, mke wa marehemu binamu yangu. Yeye ananiita shemegi.

Kila Alkhamisi baada ya laasiri nilikwenda kumtazama, mlango wazi, na Rehema, binti wa Tanga anayemfanyia kazi, anaingia na kutoka na dele la kahawa, kwa hiyo hapana la kusemwa. Bi Zuwena anashona kofia kwa mkono, na uzi wake unakuja umezungushwa kama kitanzi kikubwa, lazima mtu aushike kwa mikono miwili kifuani, hivi, ndipo yeye aukunje donge. Mtu huyo ni mie. "Shemegi, lete mikono," na mie naleta. Nakaa kwenye kiti changu ukutani, mikono imefungwa nyuzi, nasimulia, na wageni wanaokaa mbele yangu wanacheka sana, mara nyengine hata hadithi haijafika pa kuchekesha wao wameshacheka, nami nikasema moyoni, kumbe nna kipaji.

Siendi peke yangu, nampitia Nasser. Nasser ni rafiki yangu tokea chuo cha Kurani, tulikuwa tukiazimana kofia kwa sababu vichwa vyetu ni sawa, na sasa macho yake yameingia mtoto wa jicho, hawezi tena kuendesha, na Qurum bila ya gari hufiki. Suud, kaka yake Bi Zuwena, alikuwa hamtaki Nasser nyumbani mwa dada yake (mambo ya kiwanja, ya zamani, hata sikumbuki nani alimdhulumu nani), lakini akija na mie alisema, "Maadamu yupo Seif, haidhuru." Basi nampakia, namfikisha, yeye anakaa karibu na dirisha, nyuma ya kiti cha Bi Zuwena, kimya, hata nikawa namwonea huruma kwamba hana mazungumzo.

Kulikuwa na kofia moja aliyoishona miezi mingi, uzi wa zambarau na kijani, uzi niliushika mie mpaka vidole vikafa ganzi. Siku moja akanizungushia uzi kichwani, akakata palipokutana.

"Ya nani hiyo, Bi Zuwena?"

"Ya mtu," akasema, akacheka na kuinama.

Kwetu sisi mwanamke hamshonei mwanamme kofia bure. Niliporudi nyumbani nilimwambia fundi wa chini, akanipa mkono wake wenye grisi, akasema mabruki.

Basi Idi pili nikapiga pasi kanzu yangu ya dishdasha, nikanunua halwa ya zafarani, nikachukua bakora ya marehemu baba, nimekusudia nimvute Suud pembeni baada ya kahawa nimwambie haja yangu. Nasser alinipigia simu asubuhi: "Yakhe, leo usinipitie, nitaletwa." Sikuuliza na nani. Nikafika, magari yamejaa mpaka njiani, nikaipenyeza yangu ndani, ikazibwa nyuma. Nikaweka bakora nyuma ya mlango, nikaingia sebuleni, nikakuta jamaa tele na kwenye kiti changu amekaa Suud. Nikakaa upande wa pili. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, nikaiona sawasawa picha iliyo juu ya kiti changu.

Ni kubwa, fremu ya dhahabu yenye majani na makombe, marehemu binamu yangu aliileta kutoka Ulaya. Si ya asili, ni nakala, kijana wao, mtoto wa marehemu, alishanieleza kwamba matajiri wa Kifaransa zama hizo walipenda sana picha za mapenzi ya kuibiana, barua chini ya upepeo, mzee kasinzia, kijana kajificha, nami nikamwambia naam, naam. Mwaka mzima nimeipa mgongo.

Kulikuwa na bibi mmoja mgeni, jamaa wa mke wa Suud, ametoka Nizwa siku ile ile. Akasema, "Bwana Seif, nnasikia wewe ndiye mwenye hadithi. Ile picha inasema nini?"

Ningesema sijui. Ningeinywa kahawa yangu nikasema sijui, bibi, za Wazungu hizo. Lakini nikakumbuka duka la Hamriya, nikakohoa, nikasogea mbele.

"Mtazame yule bibi wa waridi," nikasema, "anakunja uzi. Na yule mzee mwenye nywele za kupakwa unga ndiye anayemshikia. Mwone alivyofungwa mikono, na meno nje! Anadhani anapendwa!"

Yule bibi akacheka. Wengine wote kimya, nami nikadhani wanasubiri utamu.

"Sasa tazama mkono wake wa pili, yule mwanamke. Uko wapi? Uko nyuma ya kiti! Na nyuma ya pazia, pale dirishani, yupo kijana anaubusu. Hata mbwa kaona. Hata mtumishi kaona, mwone na sinia lake, kidole mdomoni!"

Rehema alikuwa kasimama mbele yangu na dele. "Babu," akasema pole pole, "kahawa inapoa."

"Iache ipoe, binti. Wote humo ndani wanajua ila yeye! Na mzee mpumbavu namna ile, wallahi, pengine kijana mwenyewe kamleta yeye, kampakia kwenye gari lake la farasi, kamfikisha mpaka mlangoni!"

Hapo mwanamke mmoja akatoa sauti, akajiziba kwa mtandio. Suud, chini ya picha, akainamisha kichwa. "Bwana Seif, basi," akasema.

"Ngoja nimalize, Bwana Suud, bado pa mwisho."

"Mwache amalize," akasema bibi wa Nizwa. "Akijua, huyo mzee, anafanya nini?"

Nikafungua mdomo nijibu, na Nasser akaingia. Hakuingia kwa mlango wa nje tulioingilia sisi wageni, alitokea ndani, ananukia udi wa nyumba ile, na kichwani kavaa kofia ya zambarau na kijani.

Nikaitazama ile kofia mshono kwa mshono. Kisha nikamtazama Suud kwenye kiti changu, na yule mzee wa unga juu yake, amekaa vile vile, mikono kifuani, na nikajua wale wageni mwaka mzima walikuwa wakicheka nini.

"Tulitaka kahawa ishe ndipo tuseme," akasema Suud. "Ya kiwanja tumeshayamaliza, tumewaozesha Nasser na Zuwena, kimya kimya. Watu wazima."

Bi Zuwena akasimama. "Shemegi, nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Ulinipima kichwa," nikasema.

"Vichwa vyenu sawa. Sikutaka yeye ajue mpaka nimalize kushona." Machozi yalikuwa yanamlenga, na hilo lilinichoma kuliko kicheko, maana mtu hamlilii mwanamme aliyemhesabu kuwa mwanamme.

Nasser akaja akanishika bega, hanioni vizuri, anatabasamu pembeni kidogo ya uso wangu. "Yakhe, kaa. Bila ya wewe ningefikaje hapa?"

Alikuwa anashukuru. Ndiyo ubaya wake, hakuwa ananikejeli. Na halwa yangu ilikuwa imeshafunguliwa, inapita mkono kwa mkono, watu wanasema tamu.

Siku hizi nikiingia nyumba ya mtu hutazama ukuta kwanza ndipo nikae, na nikiulizwa picha inasema nini, jawabu langu ni la mama yangu: mtu na dada yake. Ndilo jawabu la salama. Nnadhani naye alijua.

"Lakini hujatumalizia," akasema siku ile bibi wa Nizwa, masikini hana khabari. "Yule mzee anafanya nini?"

Nikamwambia, "Nnakwenda garini mara moja, bibi, nnarudi."

Nikatoka. Gari imezibwa mbele na nyuma, na kuitoa ni lazima nirudi ndani niulize hii ya nani, ile ya nani. Nikaiwacha, nikashika njia kwa miguu, Qurum ambako hapana anayetembea, jua bado kali, magari yananipita watu wanageuza shingo. Gari aliifuata fundi kesho yake. Bakora ya baba iko nyuma ya mlango ule mpaka leo.