Sarafu ya Bibi

Leo nimeloweka ukwaju wa futari, na harufu yake imenirudisha uani kwetu Dunda, nikimtazama bibi akisugua sarafu ya dhahabu kwa maji ya ukwaju. Ilikuwa ya zama za wafalme wa Kimughal wa India, ndogo, nzito, yenye maandishi ya Kiajemi. Bibi aliirithi kwa mama yake. Mzee mmoja mkusanyaji wa sarafu za kale aliitamani miaka mingi, na bibi akimkatalia.

Asubuhi ile mama yangu, bintiye wa pekee, alikuwa kitandani akihema kwa shida.

“Usiiuze, mama,” alisema. “Hiyo ni ya mwanangu.”

“Mwanao anakutaka wewe. Dhahabu haitamwogesha.”

Bibi akajitanda kanga, akaenda kwa yule mzee. Mama akanishika mkono, kiganja chake kikiwaka homa. Kabla ya adhuhuri kililegea. Majirani wakanitoa chumbani.

Bibi alirudi na gari la kukodi la kumpeleka mama hospitali. Aliwapita wanawake waliokuwa wakilia uani, hakumsikiliza yeyote, akainama kitandani.

“Gari limekuja, mwanangu. Amka twende.”