Mvua ya Mama Antoni

Hii hamtaiamini, na mjomba wenu hatawalaumu. Mtu aliyeishia darasa la sita, tena kwa kusukumwa, akiwaambia kwamba mwanamke wa kando ya ziwa aliwahi kuikubali radi kuwa ni yake ili asife, mtasema kalewa. Semeni. Mwanamke mwenyewe yupo hapa Igoma, na kila ukurasa unaokwisha anasomewa.

Jina lake Wilhelmina, mjane, mama yake Antoni fundi baiskeli. Mwaka ule wa tisini na saba alikuwa bado anakaa jirani na Kigongo, anabanika mapanki. Viwanda vilipofunguliwa Mwanza, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, wenye ziwa wakaachiwa kichwa na mifupa, ndiyo mapanki hayo. Wilhelmina aliyanunua, akayabanika juu ya moshi kutwa nzima, na moshi haumwachi mtu bure. Ulimwachia macho mekundu kama ya fisi aliyekesha. Sasa Usukumani, ambako macho mekundu huitwa ya mchawi, mjane mwenye macho hayo inampasa awe mpole, asiwe na maneno mengi. Wilhelmina alikuwa na mdomo. Tena alikuwa na redio.

Mwezi wa tisa redio ikasoma utabiri wa msimu: joto kali kupita kawaida, kisha mvua juu ya wastani, upepo mkali na radi kanda yote ya ziwa, wakaao mabondeni wahame. Wilhelmina hakumaliza hata uji wake. Akashuka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, akamkuta Mihayo, mfugaji, jirani yake wa miaka mingi.

"Mihayo, toa ng'ombe wako huko chini. Redio inasema inakuja mvua ya kuua."

Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umemmalizia Mihayo nusu ya zizi. Mtu wa namna hiyo ukimtajia mvua nyingi, neno lingine halimwingii. Akapiga makofi.

"Na ituue, Mama Antoni! Utatuletea lini?"

"Nimeshaiagiza, ngosha. Iko njiani."

Mwalo mzima ukacheka. Naye akacheka. Laiti angemeza mate tu.

Joto likatangulia, na joto gani! Kuku walitaga mayai yaliyokwisha iva, mjomba wenu aliyamenya na kuyala palepale. Mabati yalilia mchana kutwa. Ng'ombe walilala ulimi nje, na ziwa likatulia kama uji uliosahauliwa mezani. Kila aliyepita kwenye jiko la Wilhelmina alimtania.

"Mama, mzigo wako umekwama wapi?"

"Uko Busisi, unangoja kivuko."

Siku ilipofika, wingu lilitokea ng'ambo, upande uleule wa Busisi, jeusi kama chini ya chungu. Upepo ukang'oa mabati na kuyarusha kama karatasi. Ndalahwa, mdogo wake Mihayo, alikimbilia bondeni kuwaswaga ng'ombe waliojikusanya chini ya mti. Radi ilimkuta ameshika mkia wa ndama. Walimzika kwenye kaburi lililokuwa linajaa maji, ikabidi wapange mawe juu ya sanduku lisielee.

Mvua haikukoma. Mihayo akaenda kwa mganga, akarudi na jibu: aliyeileta radi ni mwanamke, macho yake mekundu, na aliitangaza kwa kinywa chake mwenyewe. Mganga hakuwa na haja ya kupiga ramli ndefu. Kijiji kizima kilikuwa shahidi.

Tangu hapo mapanki ya Wilhelmina yakaota ukungu bila mnunuzi. Akifika kisimani, wanawake wanajitwika ndoo zikiwa nusu. Halafu alasiri moja akaja Evelina, mke wa Mihayo, akijifanya anaomba moto. Akainama juu ya jiko, anachagua kaa.

"Mama, leo usiwepo."

"Niende wapi?"

"Popote."

"Nikienda, watasema nini?"

Evelina akaweka kaa lake kwenye kigae na kuondoka, mkono wa pili ukilikinga na manyunyu.

Wilhelmina akabaki ameketi kwenye kigoda. Kukimbia ni kukiri, na kaburi la mumewe liko pale nyuma ya nyumba. Kubaki ni panga. Aliwajua wajane waliobaki, aliwahi kusaidia kuwaosha. Mwisho akaingia ndani, akatoka na redio, akaiweka magotini. Itajieleza yenyewe, akafikiri.

Walikuja kabla jua halijazama, kama jua lilikuwepo. Mihayo mbele.

"Mama Antoni, nani alikwambia mvua inakuja?"

"Redio."

"Iwashe. Iseme."

Siku zote Wilhelmina huanika betri zake juani zipate nguvu. Lakini jua lenyewe halikuonekana tangu msiba. Akazungusha kitufe. Redio ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Imekufa," akasema Mihayo. "Kama mdogo wangu."

"Mihayo, mwanangu, kila mwenye redio alisikia. Nenda hata mjini Mirongo kaulize."

"Uliiagiza. Nilikuwepo."

Akainua panga. Hapo ng'ambo pakanguruma, ngurumo ndefu, ikaviringika juu ya maji mpaka ikatikisa masufuria jikoni. Panga likasita. Wilhelmina akayatazama macho ya Mihayo, akaona hofu, akaelewa kwamba ukweli wake hautamfaa kitu mahali pale. Kilichobaki ni uongo wao. Akasimama, akanyoosha mkono kuelekea ziwani.

"Ya kwanza ilimchukua Ndalahwa," akasema. "Nani anaitaka ya pili?"

Alilisema hilo mbele ya mtu aliyetoka kumzika ndugu yake, na Ndalahwa alikuwa amekulia kwenye jiko lake, akidoea samaki. Kulipokucha alijitwika sufuria moja akaja Igoma kwa Antoni. Hajarudi. Ziwa lilipopanda mwaka uliofuata, likafika hadi kaburini kwa mumewe, na hakuna aliyemletea habari kama limeacha hata jiwe. Watu wa kule wakimwona sokoni wanavuka barabara.

Lakini msinune, wanangu, maana mngewaona wale wanaume siku ile! Arobaini, kila mmoja na panga lake, walivyotimua mbio huku wanajikojolea, wakatumbukia ziwani na nguo zao, na wawili kati yao wakaogelea mpaka—

"Watatu, Yeremia," Wilhelmina akamkata mjomba wenu. "Walikuwa watatu. Na hakuna aliyekimbia. Walishusha mapanga, wakaniamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Mihayo wa mwisho."